Injini iliyokula vumbi: kisa cha ovahoo ya kwanza ya fundi kijana, Tabora

Usuli

Kisa hiki kinahusu pikapu ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, iliyokuwa ikibeba tumbaku na asali kutoka vijijini kuja Tabora mjini. Majina, mtaa wa gereji, namba za gari na vijiji vyenyewe nimeviondoa. Wahusika ni watatu: mwenye gari, ambaye nitamwita Mzee, fundi mkuu mwenye gereji, na fundi kijana aliyekaa chini yake miaka kadhaa. Kijana huyu alishabadilisha klachi, tamingi belti na gasketi za hedi (hedi ni kichwa cha injini chenye vali, gasketi huziba kati yake na mwili wa injini), ila alikuwa hajawahi kufanya ovahoo, yaani kufungua injini nzima, kuitengeneza na kuifunga upya, kwa mkono wake. Mimi niliitwa kwa ajili ya vipimo. Gereji ilikuwa na spana ya toki (ya kubana bolti kwa nguvu iliyopimwa) na fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo), lakini haikuwa na mikromita wala geji ya kupimia ndani ya silinda.

Kwa asiyeijua, 3L ni injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Kipenyo cha silinda ni milimita 96, na mwendo wa pistoni ni milimita 96 vilevile. Haina slivu za kuchomoa, yaani mirija ya silinda inayobadilishwa: silinda zimechongwa ndani ya bloku yenyewe, ambayo ndiyo mwili wa injini, kwa hiyo zikilika zinachongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, kwa sababu dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoongoza karibu kila uamuzi katika kisa hiki.

Mzee alilalamika kwamba gari linawaka kwa shida asubuhi, hasa Juni na Julai Tabora ikipoa. Linatoa moshi wa bluu na linakula oili. Ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma, moshi unakupiga usoni. Alikuwa ameshabadilisha hita plagi (za kupasha joto silinda wakati wa kuwasha), kisha nozeli (zinazonyunyizia dizeli), na hakupata nafuu yoyote.

Kuifungua, au kununua ya mtumba

Kijana alifunga geji ya mgandamizo kwenye matundu ya hita plagi, silinda moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa chini sana, ya pili ikaifuata, na mbili zilizobaki zilikuwa zinajikongoja. Alitaka kumwaga oili kidogo ndani ya silinda ya tatu apime tena, kama alivyozoea kwenye injini za petroli: kipimo kikipanda, ringi (duara za chuma zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda) zimekwisha, kikibaki palepale, tatizo ni vali. Fundi mkuu alimzuia. Kwenye dizeli chumba cha kuwakia ni kidogo mno, na oili yenyewe inajaza nafasi. Kipimo kitapanda hata kama ringi ni nzima. Mwenendo wa moshi kwenye mfuniko wa oili ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba hewa inapita kando ya pistoni.

Mzee alikuwa na ndugu anayeuza injini za mtumba, na alielekea huko. Hoja tatu zilimrudisha. Kwanza, injini ya mtumba inakuja bila historia. Huwezi kujua ndani pakoje mpaka uifungue, na ukiifungua umerudi palepale. Pili, kadi ya gari inabeba namba ya injini, hivyo kubadili bloku kunamaanisha pia kwenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kubadilisha taarifa. Tatu, bloku yake ilikuwa haijawahi kuchongwa, maana yake ilikuwa bado na nyama ya kuchonga. Hoja hii ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito kwangu.

Walikubaliana bei ya kazi yote siku hiyohiyo, kabla bolti moja haijalegezwa. Hilo nitalirudia.

Ugonjwa wenyewe

Injini iliposhushwa, kijana alikuwa tayari kung'oa hedi. Fundi mkuu akamsimamisha.

"Kabla hujagusa hedi, niambie imeumwa na nini."

"Imezeeka, bosi."

"Uzee si ugonjwa. Nenda na kitambaa cheupe, ufute ndani ya manifoldi ya hewa."

Kitambaa kilitoka na tope la rangi ya udongo, vumbi laini lililoshikana na oili. Vumbi hilo lilikuwa upande wa ndani, baada ya ea klina (kisafisha hewa chenye chujio), mahali ambapo hewa inatakiwa kuwa safi kabisa. Walipokagua hozi ya mpira inayotoka kwenye ea klina kwenda kwenye manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, juu ilionekana nzima. Ilipokunjwa, upande wa chini karibu na klipu palifunguka ufa. Injini ikitikisika unafunguka, ikitulia unajifunga. Jambo lililonishtua ni kwamba chujio lenyewe lilikuwa safi. Mzee alikuwa analibadilisha kwa uaminifu, na kila aliyelitazama alimsifu. Lilikuwa safi kwa sababu sehemu ya hewa, pamoja na vumbi lote la kiangazi la njia za tumbaku, ilikuwa haipiti humo.

Yaliyofuata yalithibitisha. Vumbi linaloingia kwa njia ya hewa linatafuna kwanza ringi ya juu na sehemu ya juu ya silinda. Likiingia kupitia oili, linaanza na beringi na ringi za chini. Hapa ringi za juu zilikuwa zimekonda hadi kingo zake zinakata, na pengo la ncha zake likawa kubwa hata kwa macho. Beringi zilikuwa na mikwaruzo, lakini si kwa kiwango hicho.

Tulipima kila silinda kwenye kina tatu, na kila kina kwa pande mbili zinazokatana. Silinda ya tatu ilikuwa imeongezeka milimita 0.31 sehemu ya juu, na chini karibu haijalika kabisa. Umbo lake lilikuwa la faneli. Pale juu kabisa, ringi isipofika, chuma kilikuwa na kipimo chake cha zamani, kwa hiyo palibaki ngazi.

Fundi mkuu alimpigia simu Mzee aje aone. Kijana alimshika mkono akamwambia, "Mzee, weka ukucha hapa, uushushe pole pole." Ukucha ukakwama kwenye ngazi. Mzee aliurudisha juu na kuushusha tena mara kadhaa, kisha akahamia silinda nyingine, zote nne, bila kusema neno.

Ringi tu, au kuchonga

Jirani wa gereji alishauri kuweka ringi mpya na kufunga. Ushauri huo unatolewa kila siku, na unapendwa kwa sababu ni nafuu. Kwenye silinda yenye ngazi, ringi mpya yenye ukingo wa pembe kali inapanda juu na kugonga pale ambapo ringi ya zamani iliyokwisha ilikuwa haifiki. Inaweza kuvunjika, au kuvunja kingo za mfereji wa pistoni. Hata isipovunjika, ndani ya silinda yenye umbo la faneli inatanuka na kubana kila pistoni inapopanda na kushuka, na haikai vizuri kamwe. Gari lingetoka gerejini bila moshi, na moshi ungerudi kabla msimu haujaisha.

Iliamuliwa silinda zote nne zichongwe kwa nyongeza ya milimita 0.50. Pistoni zilinunuliwa kwanza, zikapimwa, zikaandikwa namba 1 hadi 4, kisha zikasafiri na bloku kwenda Mwanza, kwenye karakana ya kukereza ambayo fundi mkuu aliiamini. Mpangilio huu una maana. Pistoni za saizi moja hazilingani sawasawa, hasa zikiwa si za kiwanda kimoja, na nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni ndogo sana. Mchongaji anatakiwa aifuate pistoni iliyopo mkononi, asiifuate namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ilipimwa pia. Shingo za kon, pale inaposhikwa na mikono ya pistoni, zilikuwa zimepoteza uduara, hivyo ikasagwa saizi ya ten, yaani milimita 0.25, na beringi za saizi hiyo zikanunuliwa. Hedi ilipimwa kwa presha ya maji kutafuta nyufa, haikuwa nazo, vali zikasagwa. Uso wa bloku ulipitishwa mashine kidogo ili unyooke.

Hapo ndipo bei ilipobadilika, na Mzee akanuna. Hakuwa mtu wa kelele, ila siku kadhaa hakupokea simu.

Kusafisha

Bloku iliporudi ilikuwa inang'aa, na silinda zilikuwa na mistari ya msalaba inayopendeza. Kijana aliiosha kwa petroli na brashi, akaipuliza, akasema iko tayari.

Fundi mkuu alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha oili safi, akafuta silinda ya kwanza. Kikatoka cha kijivu. Ule ujivu ni unga wa jiwe la kuhonia, yaani la kusugulia silinda baada ya kuchongwa, pamoja na chembe za chuma, umejificha ndani ya mistari ileile inayopendeza. Petroli inaondoa mafuta na kuuacha unga, ambao ukibaki unafanya kazi ya msasa juu ya ringi mpya. Injini iliyouawa na vumbi la barabarani ingeanza maisha mapya na vumbi la karakana.

Dawa yake ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Kijana alisugua silinda moja moja, akasuuza, akafuta, akaangalia kitambaa, akarudia. Ilichukua karibu siku nzima, na kwa maoni yangu ilikuwa siku yenye thamani kuliko zote katika kazi hii. Kitambaa kilipotoka cheupe, alikausha haraka na kupaka oili papo hapo, kwa sababu chuma kitupu kinaanza kutu ndani ya dakika chache.

Njia za oili nazo zilifunguliwa vizibo, zikapitishwa waya wenye brashi na upepo wa kompresa. Kwenye tundu moja ulitoka uchafu mweusi mgumu, kipande chenye ukubwa wa punje ya mtama. Matundu ya bolti za hedi pia yalipulizwa hadi yakakauka, kwa sababu oili au maji yakibaki chini ya tundu hayana pa kwenda bolti inapobanwa. Yanaweza kupasua bloku, au bolti ikaonekana imefika toki kumbe imesukuma maji tu.

Gasketi isiyopatikana

Pistoni za 3L zikifika juu kabisa huchomoza kidogo kuupita uso wa bloku. Ndiyo maana gasketi ya hedi huuzwa kwa unene wa aina tatu, na unachagua kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani. Mafundi wengi hawapimi. Wananunua seti ya gasketi, wanafungua, wanaweka iliyomo.

Bloku hii ilikuwa imepitishwa mashine, na pistoni ni mpya. Tuliweka geji ya mshale juu ya kila pistoni, mbele na nyuma, tukazungusha krenki taratibu kutafuta kilele. Kipimo kilidai gasketi nene kuliko zote tatu. Iliyokuwa kwenye seti ilikuwa nyembamba kuliko zote.

Maduka ya spea ya Tabora hayakuwa nayo wiki ile. Ilibidi iagizwe Dar es Salaam na kuja kwa basi. Wakati huo masoko ya tumbaku yalikuwa yamefunguliwa, na kila siku gari linapokaa ni hasara kwa Mzee. Alikuja gerejini mwenyewe.

"Hiyo nyembamba na hiyo nene zinapishana nini? Si karatasi tu?"

Kijana ndiye aliyejibu, na nilimsikiliza kwa furaha. Alimwambia: "Mzee, tofauti ni ndogo kuliko unene wa ukucha wako. Lakini pistoni ikipanda, kati yake na vali pamebaki padogo hivyo hivyo. Tukiweka nyembamba, zinaweza kugongana siku ya kwanza unapopanda mlima na mzigo." Angeweza kuongeza kwamba kosa la upande wa pili lipo pia: gasketi nene pasipohitajika inapunguza mgandamizo, na gari linarudi kuwaka kwa shida asubuhi. Mzee alikubali kusubiri, japo shingo upande.

Kufunga na kuwasha

Kufunga kulienda vizuri, sitakueleza hatua kwa hatua. Kila beringi ilipimwa nafasi yake kwa uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na shingo ya krenki. Kila ringi ilisukumwa ndani ya silinda yake na kupimwa pengo kwa fila geji. Bolti za hedi zilibanwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Tamingi belti ilipofungwa, krenki ilizungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, na alama zikakaguliwa tena. Zilikuwa zimehama jino moja upande wa pampu ya dizeli, kwa sababu belti ilikuwa na ulegevu uliojificha hadi ilipovutwa. Ililegezwa ikarudiwa. Bila ile mizunguko miwili, jambo hili lingejitokeza kama moshi mweupe na kunoki (injini kugonga), na kila mtu angelaumu nozeli.

Siku ya kuwasha, waya wa kizima dizeli kwenye pampu ulichomolewa kwanza, injini ikazungushwa kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazima. Kisha waya ukarudishwa na hewa ikatolewa kwenye njia za dizeli. Iliwaka.

Kijana alitaka kuiacha ingurume taratibu hadi jioni, "izoeane". Zoea hili ni la zamani na linaumiza injini. Ringi mpya zinakaa kwa presha ya moto unaozisukuma dhidi ya ukuta. Injini ikinguruma bure presha hiyo haipo, ukuta unalainika na kung'aa, na oili inaanza kupita. Ilipopata joto na kukaguliwa uvujaji, gari liliingia barabarani, lami ya kwenda Nzega, mwendo wa kubadilika badilika, kisha likapewa nusu mzigo kwa safari za mwanzo. Oili na chujio lake vilibadilishwa likiwa limetembea kilomita 1,000.

Matokeo

Moshi wa bluu uliisha, na asubuhi gari linawaka mara moja. Kati ya badilisho la kwanza la oili na la pili Mzee hakuongeza hata kidogo. Hozi ya hewa ni mpya, na klipu zake zinakaguliwa kila gari likija.

Tatizo lilitokea nyuma ya injini. Ndani ya muda mfupi oili ilianza kudondoka kati ya injini na giaboksi. Giaboksi ikashushwa upya. Sili ya nyuma ya krenki, yaani kizibo kinachozuia oili kutoka, ilikuwa mpya na imekaa sawa, ila mdomo wake ulikuwa unazunguka juu ya mfereji uliochimbwa na sili ya zamani. Ilifungwa nyingine, ikasukumwa kina tofauti kidogo ili mdomo ukanyage chuma kizima. Uvujaji ukakoma.

Uchambuzi

Uamuzi uliookoa injini hii ulifanyika kabla ya hedi kung'olewa. Kama ufa wa hozi usingeonekana, kazi yote ya Mwanza ingekuwa ya kuandaa chakula kipya cha vumbi, na hozi ile ingerudishwa mahali pake, kwa sababu kwa macho ilikuwa nzima. Nimeona injini zilizofanyiwa ovahoo mara mbili kwa muda mfupi, na mafundi wakilaumu ringi za bandia. Ringi za bandia zipo. Lakini swali la vumbi limepita wapi haligharimu chochote zaidi ya kitambaa.

Kumwachia kijana kazi kulifanikiwa kwa sababu fundi mkuu alichagua pa kumzuia. Hakumzuia kuosha kwa petroli. Alimwacha amalize, kisha akamwonyesha kitambaa cha kijivu. Hakumwacha aweke gasketi nyembamba. Kosa la kuosha linarekebishika kwa maji na sabuni, la gasketi linarekebishika kwa injini nyingine. Wengi wanaofundisha gerejini wanakemea yote kwa sauti moja, na mwanafunzi hajui lipi linaua.

Sili ya nyuma ilikuwa kosa la maagizo. Karatasi iliyokwenda Mwanza na krenki ilitaja shingo za meni (zinazokaa kwenye bloku) na za kon, haikutaja sehemu inayokanyagwa na sili. Mkerezaji alifanya alichoandikiwa. Krenki ikiwa mezani, kupitisha kidole pale kungetosha kuuhisi mfereji, na sote tuliokuwepo tuliishika krenki ile.

Bei ndiyo iliyoharibika kuliko yote. Ilitajwa moja, kwa kazi ambayo nusu yake ilikuwa haijaonekana. Ukucha wa Mzee kwenye ngazi ya silinda ulimfanya aamini ugonjwa, haukumfanya akubali gharama ambayo hakuambiwa kwamba inaweza kuja. Giaboksi iliposhushwa mara ya pili, yeye alisema ni kosa la gereji, gereji ikasema sili ni spea yake. Fundi mkuu mwishowe aliibeba kazi hiyo bure, na Mzee akanunua sili.

Sasa gereji ile inaandika bei mbili. Ya kwanza ni ya kushusha, kufungua na kupima, inalipwa hata mteja akiamua kuishia hapo. Ya pili inaandikwa baada ya vipimo kuwekwa mezani, silinda kwa silinda, na mteja anaitwa aje aangalie kabla ya kusaini.